Njia moja, hata ukiipita mara mia, ni njia moja

Kuhesabu maili za Marekani jimbo kwa jimbo, na kwa nini hesabu hiyo inagusa jamaa zetu



Siku hizi ni vigumu kukaa katika kikundi cha wamama ishirini bila kumkuta mmoja mwenye mtoto, ndugu au mume Marekani. Sababu tunaijua wote. Vita viliwatoa watu kwao, wakaenda kambini Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania, na kutoka huko wengine wakapata nafasi ya kuvuka bahari. Mwaka wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, na mwaka wa 2023 ikapokea zaidi ya 18,000. Wakafika Texas, Kentucky, Iowa, Ohio, Arizona, Maine na majimbo mengine mengi. Na kati ya vijana waliofika, wako walioanza na kazi za viwanda, kisha wakatafuta leseni na kushika usukani wa kamyo kubwa.

Ndiyo maana maneno mapya yameingia katika mazungumzo yetu. “Mama, leo niko Nebraska.” “Mama, nimelala Pennsylvania.” “Mama, juma hili nimefanya maili elfu tatu.” Sisi huku tunasikia neno maili na tunaanza kupiga hesabu kichwani: maili elfu tatu, mara kiasi fulani cha pesa, basi mtoto ana mali. Hapo ndipo maneno mabaya huanzia katika jamaa. Mtoto anaonekana mchoyo, mama anaonekana mwenye tamaa, na kumbe wote wawili hawakuelewana juu ya hesabu.

Juma hili tumeona vizuri tuzungumze juu ya maili hizo. Zinahesabiwa namna mbili, na kila namna inasema jambo lake.

Hesabu mbili za barabara moja

Tuanze na barabara tunayoijua. Bukavu hadi Goma kwa RN2, kupitia Kalehe, Minova na Sake, ni karibu kilometa 200. Shofere akienda na kurudi mara kumi, gari lake limetembea kilometa 4,000. Mazutu ya kilometa 4,000 yameisha, matairi yamechakaa kwa kilometa 4,000, na mgongo wake umechoka kwa kilometa 4,000. Lakini ukimwuliza, “Umeona barabara kiasi gani cha nchi yetu?”, jibu ni kilometa 200 tu. Alipita palepale, mlima uleule, soko lilelile.

Hesabu ya kwanza ni ya kazi. Inajumlisha kila safari, kwenda na kurudi. Hesabu ya pili ni ya njia. Kila kipande cha barabara kinahesabiwa mara moja tu katika maisha ya mtu, hata akikipita mara mia.

Marekani ni vilevile. Chukua barabara iitwayo I-45. Kutoka Dallas hadi Houston ni karibu maili 240, na maili moja ni kilometa 1.6. Kijana anayepeleka mizigo kati ya miji hiyo miwili kila siku anaweza kumaliza mwaka mzima akiwa na maili makumi ya elfu, naye bado hajatoka katika jimbo la Texas hata mara moja. Mwenzake aliyefanya safari chache tu, kutoka California hadi New Jersey kwa I-80, anaweza kuwa na maili pungufu za kazi, lakini za njia akamzidi mbali.

Watu wanaokusanya barabara

Wako watu Marekani ambao hesabu hii ya pili ndiyo furaha yao. Kama wengine wanavyokusanya vitenge, wao wanakusanya barabara. Zamani walichukua ramani ya karatasi na kalamu ya rangi. Kila kipande walichokipita walikipaka, na jioni wakaitandaza ramani mezani kuona ni wapi bado ni peupe. Leo wengi wanatumia programu ya intaneti. Uko mradi wa watu wa kujitolea, jina lake Travel Mapping. Mtu anaandika mstari mmoja kwa kila safari: jimbo, namba ya barabara, mahali alipoingia, mahali alipotoka. Programu inapiga hesabu: katika jimbo fulani kuna maili kadhaa, wewe umepita kadhaa, hiyo ni asilimia fulani.

Hakuna anayewakagua. Mtu akiandika uongo, amejidanganya mwenyewe. Kila mmoja anajiwekea masharti pia. Wengine wanaandika tu barabara waliyoendesha kwa mikono yao. Wengine wanaandika hata ile waliyopita wakiwa abiria. Wengine wanasema kama ulikuwa umelala, hujaipita.

Jambo gumu ni barabara zinazochangia lami moja. Katika jimbo la Wisconsin, kati ya Madison na Portage, barabara tatu zinatembea pamoja: I-39, I-90 na I-94. Vibao vitatu, lami moja. Mtu mwenye haraka ataandika maili za kipande kile mara tatu. Mkusanyaji mwaminifu anaandika mara moja, kwa sababu tairi liligusa ardhi moja. Na kule Virginia, karibu na mji wa Wytheville, I-77 na I-81 zinachangia njia kwa namna ya kuchekesha: gari lilelile linaambiwa na kibao kimoja kwamba linaenda kaskazini, na kibao cha pili kwamba linaenda kusini. Ukimpigia mtoto simu akiwa hapo, akakwambia anaenda kaskazini na kusini pamoja, usidhani amelewa.

Tena, hesabu hiyo haiishi. Barabara I-95, ambayo inashuka pwani yote ya mashariki kutoka mpaka wa Kanada hadi Miami, ilikuwa na pengo kwa miaka mingi. Lilizibwa mwaka wa 2018 kati ya Pennsylvania na New Jersey. Watu waliojivuna kwamba wameimaliza yote walibaki na kipande kipya cha kurudia. Kila serikali inapofungua njia mpya, asilimia yako inashuka hata kama umekaa nyumbani.

Kujua mtoto yuko wapi kwa kusikia namba

Hapa kuna faida kubwa kwa sisi wamama. Barabara kuu za Marekani zinaitwa Interstate, maana yake za kuunganisha majimbo. Rais Dwight Eisenhower alitia sahihi sheria ya kuzijenga tarehe 29 Juni 1956. Mpango ulikuwa wa maili 41,000. Leo zimepita maili 48,000, yaani zaidi ya kilometa 77,000. Namba zake hazikutupwa ovyo. Ukizielewa, mtoto akitaja namba moja tu utajua anaelekea wapi.

Namba zisizogawanyika kwa mbili, kama 5, 35, 75 na 95, zinatembea kati ya kusini na kaskazini. Ndogo ziko upande wa magharibi, kubwa upande wa mashariki. Basi I-5 iko karibu na bahari ya Pasifiki, na I-95 iko karibu na bahari ya Atlantiki, ile inayogusa na Kongo kule Banana.

Namba zinazogawanyika kwa mbili, kama 10, 40, 70, 80 na 90, zinatembea kati ya magharibi na mashariki. Ndogo ziko kusini kwenye joto, kubwa ziko kaskazini kwenye theluji. Mtoto akisema mwezi wa kwanza kwamba yuko I-10, usihangaike sana juu ya barafu. Akisema yuko I-90, muulize kama ana koti zito na chakula ndani ya gari. I-90 ndiyo ndefu kuliko zote, kutoka Seattle hadi Boston, zaidi ya maili 3,000.

Namba ya tarakimu tatu inaonyesha kwamba yuko karibu na mji. Ile inayoanza na tarakimu inayogawanyika kwa mbili, kama I-465 ya Indianapolis au I-270 ya Columbus, mara nyingi inazunguka mji. Ile inayoanza na isiyogawanyika kwa kawaida ni tawi tu.

Kisha kuna vibao vidogo vya maili kando ya njia. Vinaanza kuhesabu kwenye mpaka wa jimbo, upande wa magharibi au wa kusini, na ukivuka kuingia jimbo lingine hesabu inaanza upya. I-80 ndani ya Nebraska ina karibu maili 455. Mtoto anayetoka magharibi akisema, “Niko Nebraska, kibao cha 300,” ujue amebakiza karibu maili 155 aingie Iowa. Huko Texas, I-10 inafika hadi karibu 880 kabla ya kumalizika kwenye mpaka wa Louisiana. Hizo ni zaidi ya kilometa 1,400 ndani ya jimbo moja! Na bado Texas nzima inaingia mara tatu ndani ya Kongo yetu, na nafasi inabaki.

Jimbo dogo, jimbo kubwa

Kwa nini wanahesabu jimbo kwa jimbo, na si nchi nzima pamoja? Kwa sababu jumla inaficha mambo. Delaware ni jimbo dogo, na I-95 ndani yake haifiki hata maili 25. Mtu anaimaliza kabla mtoto mgongoni hajaamka. Texas ina maelfu ya maili za Interstate. Ukiambiwa mtu ana maili 500 Texas, bado hajaanza. Ukiambiwa ana maili zote za I-95 Delaware, amemaliza. Basi wakusanyaji wanaweka maili na asilimia kando kwa kando, kila jimbo mstari wake, na mtu anajiona wazi ni wapi amejua na ni wapi amepita tu.

Sisi wa likelemba tunaelewa jambo hilo. Ukijumlisha pesa za kikundi chote, huwezi kujua nani ametoa na nani hajatoa. Lazima kila mama awe na mstari wake kwenye kaye.

Maili ambazo serikali inazidai

Kwa mashofere, kuandika maili za kila jimbo si mchezo. Ni sheria. Na hapa tunaomba wenye watoto wenye kamyo zao wenyewe wasome polepole.

Ukinunua mazutu Marekani, ndani ya bei kuna kodi ya jimbo lile. Kodi hiyo ni ya kutengeneza barabara. Lakini kamyo inaweza kunywa mazutu katika jimbo moja, kisha ikachakaza barabara za majimbo matano. Jimbo lililouza mazutu limepata, mengine yamebaki na mashimo. Ili kuondoa ugomvi, majimbo 48 ya Marekani na majimbo 10 ya Kanada yana mkataba mmoja unaoitwa IFTA. Alaska na Hawaii hazimo.

Unafanya kazi hivi. Tuchukue mfano mwepesi. Kamyo imetembea maili 6,000: maili 2,000 Missouri na maili 4,000 Illinois. Mazutu yote, galoni 1,000, yalinunuliwa Missouri. Maili 6,000 kwa galoni 1,000 ni maili 6 kwa kila galoni. Basi Missouri ilistahili kodi ya galoni 333 tu, na Illinois ilistahili ya galoni 667. Mwenye kamyo anarudishiwa upande mmoja na analipa upande wa pili. Ni kama wamama wawili waliokopeshana majiko siku ya arusi: mkaa ulinunuliwa na mmoja, chungu kilikaa zaidi kwa mwenzake, na asubuhi inayofuata wanakaa chini kusawazisha.

Mkataba huu unagusa kamyo yenye ekseli tatu au zaidi, au yenye uzito wa zaidi ya ratili 26,000, karibu kilo 11,800, inapofanya kazi katika majimbo zaidi ya moja. Ripoti inatolewa mara nne kwa mwaka: mwisho wa Aprili, mwisho wa Julai, mwisho wa Oktoba na mwisho wa Januari. Ukichelewa, faini ni dola 50 au asilimia 10 ya kodi, ile iliyo kubwa. Karatasi zote, za maili na za mazutu, zinatunzwa miaka minne. Na majimbo kama Kentucky, New Mexico, New York na Oregon yana kodi yao nyingine juu ya kamyo nzito, inayofuata maili pia.

Angalieni tofauti. Mkusanyaji wa barabara anaandika kila kipande mara moja. Serikali inataka kila maili, kila safari, hata zile ambazo kamyo ilitembea tupu. Kijana akichanganya kaye hizi mbili, atajikuta na deni.

Kwa kijana aliyeajiriwa na kampuni, ofisi ndiyo inayofanya kazi hiyo. Kwa mwenye kamyo yake, inamwangukia yeye au mke wake. Kama binti yako au mkazamwana wako ndiye anayeshika kaye ya kamyo nyumbani, mjue kwamba hiyo ni kazi kamili. Asihesabiwe kama mtu anayekaa bure.

Maili si pesa mfukoni

Sasa turudi kwenye maili elfu tatu.

Ni kweli kwamba mashofere wengi wa Marekani wanalipwa kwa maili. Lakini kampuni nyingi hazifuati kile kisomeo cha gari. Zinafuata jedwali la umbali kati ya mji na mji, na jedwali hilo mara nyingi linatoa maili pungufu kuliko zile zilizotembewa. Shofere akizunguka kwa sababu njia imefungwa, maili za kuzunguka huenda zisilipwe. Akingoja saa nne mizigo ipakuliwe, gari halijatembea, na mara nyingi pesa nayo haijatembea. Na mwenye kamyo yake analipa kwanza mazutu, bima, matairi, fundi na mkopo wa gari. Kinachobaki ndicho chake, na juma lingine hakibaki kitu.

Basi maili elfu tatu zinaonyesha uchovu wake kabla hazijaonyesha mshahara wake. Sheria inamruhusu kuendesha saa 11 ndani ya kipindi cha saa 14, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Akiendesha saa 8 lazima asimame dakika 30. Ndani ya gari kuna chombo kinachoandika saa hizo chenyewe. Mtu wa namna hiyo akifanya maili 100,000 kwa mwaka, si ajabu. Hizo ni kilometa 160,000, sawa na kuizunguka dunia yote mara nne. Yuko peke yake katika chumba kidogo kama kitanda cha mtu mmoja, anakula ndani ya gari, na pengine siku nzima hajasikia lugha ya kwao.

Hapo ndipo sauti ya mama ina kazi. Na hapo ndipo inaweza kuumiza. Mama mmoja wa vikundi vyetu alisema maneno ambayo tunayaweka hapa kwa ruhusa yake, bila jina: “Nilikuwa nikimwuliza, ‘Umefanya maili ngapi?’ Akawa hapokei simu. Nikabadili. Nikaanza kumwuliza, ‘Leo umepita njia gani mpya?’ Sasa ananipigia yeye mwenyewe.”

Tumelifikiria neno hilo. Swali la kwanza linahesabu kazi yake. Swali la pili linamwuliza ameona nini. Kijana aliyevuka mto Mississippi kwa mara ya kwanza, au aliyeona theluji juu ya milima ya Colorado, ana jambo la kumwambia mama yake lisilo na dola ndani.

Yale tunayoweza kufanya

Tunaleta hapa mashauri machache. Kila kikundi kichague linalokifaa.

*Angalia saa kabla ya kupiga.* Saa mbili asubuhi ya Bukavu na Lubumbashi ni saa saba au saa nane za usiku huko New York, na saa nne au saa tano za usiku uliotangulia huko Los Angeles. Inategemea majira. Kijana aliye katika zile saa zake kumi za kupumzika akiamshwa kwa jambo dogo, kesho yake anaendesha na usingizi. Muulize yeye saa inayomfaa. Na ujue kwamba tangu mwaka wa 2012 shofere wa kamyo amekatazwa kushika simu mkononi akiendesha. Faini yake inaweza kupita dola 2,000. Asipojibu, pengine anakuheshimu wewe na maisha yake. Mtumie sauti, ataisikia akisimama.

*Usitangaze mahali alipo.* Tukipata habari kwamba mtoto yuko mahali fulani na amebeba mali fulani, tunapenda kuiweka kwenye kikundi cha WhatsApp. Wezi wa mizigo wako Marekani pia. Habari ya njia ibaki nyumbani mpaka safari iishe.

*Fungueni kaye ya barabara.* Chukueni kaye ya shule ya kawaida. Chora safu nne: tarehe, jimbo, namba ya barabara, kutoka wapi hadi wapi. Mtoto akipiga simu mwisho wa juma, wadogo zake waandike njia zile mpya tu. Kama alikwishapita, msiandike tena. Ndani ya mwaka watoto watakuwa wamejua majimbo mengi kati ya yale 50, na watakuwa wamefanya hesabu ya kugeuza maili kuwa kilometa bila kulazimishwa na mwalimu. Kwa wamama walio huko ng’ambo na wanaosoma barua yetu: watoto wenu nyuma ya gari wanaweza kufanya hivyohivyo badala ya kugombana. Mwenye kuona kibao cha mpaka wa jimbo kwanza ndiye anayeandika.

*Msisahau barabara za kwetu.* Tangu mwaka wa 2015 nchi yetu ina majimbo 26, pamoja na Kinshasa. Je, wewe umekanyaga mangapi kwa barabara? Wengi wetu tutajibu moja au mawili, na si kwa kukosa hamu. Mvua, madaraja yaliyovunjika na vita vimetufungia njia. Hata hivyo, wamama wa biashara wana maarifa makubwa. Kwenye RN5, kutoka Bukavu kushuka Ngomo hadi Kamanyola, kisha Luvungi, Luberizi, Sange, Kiliba na Uvira, mama muuza samaki anajua kila kilima na kila mto. Maarifa hayo yanastahili kaye. Andika njia na tarehe, wafundishe watoto majina kwa mfuatano wake. Lakini jihadhari: usiandike habari za vizuizi wala za watu wenye silaha, na usisafiri na kaye hiyo. Ikae nyumbani. Karatasi isiyo na ubaya inaweza kumletea mtu matata njiani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mtoto au ndugu aliye mbali akipiga simu, neno letu la kwanza huwa nini?
2. Je, tuliwahi kumhukumu mtu kuwa mchoyo bila kujua gharama za kazi yake?
3. Katika jamaa zetu, ni nani anayeshika hesabu, na je, kazi yake inaheshimiwa?
4. Kila mama ataje barabara moja ya Kongo aliyoipita yote, mwanzo hadi mwisho. Wenzake wamwulize alichokiona.

Swali hilo la mwisho tulikwisha kulijaribu katika mkutano mmoja, na wamama walicheka hadi giza likaingia. Mzee mmoja aliyekuwa akidhaniwa hajatoka katika kata yake alitaja njia ambazo sisi wengine tunazisikia redioni tu. Alizipita kwa miguu, wakati wa kukimbia, na mtoto mgongoni. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kabla ya siku ile. Tuliandika njia zake kwenye kaye ya kikundi, kila moja mara moja, na mstari wake ukawa mrefu kuliko ya wote.

Wenye vikundi vitakavyofungua kaye watuletee habari kwa wajumbe wetu wa mitaa, tutaziandika katika barua za majuma yajayo. Na leo jioni, mtoto akipiga simu, muulize ameona njia gani mpya.